Kitenzi cha Njaa: Achebe na Amadi juu ya Vita vya Biafra

Vitabu viwili juu ya vita vya Biafra vyafaa kusomwa pamoja, ingawa miaka karibu arobaini yavitenga: Sunset in Biafra cha Elechi Amadi, kilichotoka mwaka 1973, na There Was a Country cha Chinua Achebe, cha mwaka 2012. Wote wawili walikuwa wana wa Nijeria ya mashariki, na wote waliumizwa na vita vile vya 1967 hata 1970. Lakini Achebe alikuwa mjumbe wa Biafra katika nchi za kigeni. Amadi, mtu wa kabila la Ikwerre na kapteni wa zamani wa jeshi la Nijeria, alitiwa kifungoni na Biafra hiyo hiyo. Port Harcourt ilipochukuliwa na majeshi ya serikali mwezi Mei 1968, kwa mmoja mji ulianguka, kwa mwingine ulikombolewa.

Mgogoro mkubwa zaidi ni wa njaa, na hapo Kiswahili humlazimisha mfasiri kuchagua. “Watu walikufa njaa” ni sentensi isiyo na mtenda. Yaweza kusemwa juu ya ukame. “Walifishwa kwa njaa” yadai mtenda, na msomaji huuliza mara moja: na nani? Achebe ajibu waziwazi: na serikali iliyoizingira Biafra, na hasa Obafemi Awolowo, aliyekuwa kamishna wa fedha. Jawabu hilo liliwasha ugomvi mkali Nijeria mwaka 2012. Watetezi wa Awolowo walikumbusha utetezi wake wa mwaka 1983, kwamba chakula kiliishia mikononi mwa askari wa Biafra. Mimi naona Achebe ameshika kitenzi kilicho sawa, maana mzingiro ni tendo la watu. Lakini baada ya “na” pana nafasi ya zaidi ya mtu mmoja. Ojukwu naye alikataa njia ya nchi kavu ya kupitishia chakula, akihofu sumu na hila za adui. Na Achebe anapodai kwamba Awolowo alisukumwa na tamaa ya ukubwa, ushahidi wake ni mwembamba.

Juu ya Asaba hakosei. Mwezi Oktoba 1967 wenyeji walitoka kwa ngoma kuwalaki askari wa serikali; wanaume na wavulana wakatengwa, wakapigwa risasi kwa mamia. Kinachopungua kwake ni habari za makabila madogo yaliyokuwa ndani ya Biafra. Huko neno “saboteur”, lililokatwa likawa “sabo”, lilitosha kumpeleka mtu kizuizini, pengine kaburini. “Mhujumu” halilitoshi, “haini” lakaribia zaidi, kwa kuwa lahukumu kabla ya kesi. Amadi alishukiwa hivyo, na kurasa zake za kifungoni ndizo bora katika kitabu chake. Ila naye, kila aonapo askari wa serikali, ni mwepesi mno wa kuona ukombozi.

Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968, na Achebe tumemzoea tangu Shujaa Okonkwo, tafsiri ya mwaka 1973. Sikio letu, basi, limeelekea upande mmoja kabla ya kufungua kitabu. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wangu humwanzisha kwa Amadi, ndipo nimpe Achebe, afikapo Asaba asome polepole.