Darubini Ndogo na Ustadi wa Kutazama

Katika vyombo vyote avichukuavyo msasi aingiapo porini, au mtembezi apandapo milima ya Usambara na Uluguru, hakuna kinachonunuliwa kwa pupa na kutumiwa kwa uvivu kama darubini. Bunduki hupimwa shabaha, viatu hujaribiwa, hata chupa ya maji huangaliwa kama haivuji. Lakini darubini huchaguliwa kwa ukubwa wa namba iliyoandikwa ubavuni mwake, ikalipiwa, ikafungwa mkobani, na humo mkobani ikakaa. Nimekusudia kuisifu hapa darubini ndogo ya bei rahisi, ile inayoenea katika kiganja, na zaidi yake kuusifu ustadi wa kuichagua na kuitazamia, kwa kuwa katika nchi zetu zilizo karibu na mstari wa Ikweta chombo hiki kidogo kina haki ambayo wasasi wa nchi za baridi hawana sababu ya kukipa.

Nasaba yake ni ya heshima. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Kairo katika karne ya 11, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba jicho huona kwa nuru itokayo katika kitu na kuingia jichoni, wala si kwa mshale utokao jichoni kwenda kukigusa kitu, kama walivyodhani wengi waliomtangulia. Mwaka 1608 Hans Lippershey, fundi wa miwani huko Uholanzi, alipoiomba serikali hati ya kulinda uvumbuzi wake wa bomba la kuonea mbali, wakubwa walimtaka atengeneze la macho mawili, naye akalitengeneza. Miaka mitatu baadaye Johannes Kepler alionyesha mpango bora zaidi wa vioo, wenye uwanja mpana wa kuona, lakini una ila moja: kila kitu huonekana miguu juu, kichwa chini. Mwanafalaki aitazamaye nyota hadhuriki na jambo hilo. Msasi afanyeje na swala aliyepinduka? Dawa bora ya ila hiyo ilipatikana mwaka 1854, Mtaliana Ignazio Porro alipopanga prizimu, vile vipande vya kioo vya pembetatu, hata nuru ikapigwa kona mara nne na sura ikasimama wima. Na mwaka 1894, katika mji wa Jena, Ujerumani, karakana ya Zeiss chini ya Ernst Abbe, kwa kutumia kioo safi kilichopikwa na Otto Schott, ikaleta sokoni darubini ya prizimu ambayo hizi za leo ni kizazi chake.

Hata hapo nuru ilikuwa ikiibwa njiani. Kila uso wa kioo usiopakwa kitu hurudisha nyuma yapata asilimia 4 ya nuru inayoufikia. Ikiwa nyuso ni 10, na katika darubini ni rahisi kufika hapo, theluthi moja ya nuru imekwisha potea kabla ya kufika jichoni. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa Zeiss alibuni njia ya kukipaka kioo utando mwembamba kuliko wimbi la nuru lenyewe, na hasara ile ikapungua mno. Leo utando huo umo hata katika darubini rahisi zitokazo katika viwanda vya Kunming, Uchina, kwa hiyo mkulima wa Lushoto aliyeweka akiba ya mauzo ya viazi vyake anaweza kununua nuru ambayo amiri wa manowari wa mwaka 1914 hakuipata kwa cheo wala kwa fedha.

Sasa tuje katika hesabu, ambayo ni nyepesi na aghalabu hairukwi bila majuto. Darubini iliyoandikwa 8x25 hukuza mara 8, na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 25. Gawa 25 kwa 8, utapata milimita 3 na kidogo, nao ndio upana wa mwali unaotoka nyuma ya chombo na kuingia katika mboni. Mchana wa jua kali mboni ya binadamu hujibana ikawa milimita 2 au 3, basi mwali mpana zaidi ya huo huangukia pembeni mwa mboni usimfae mtu. Ni jioni tu, giza linapoingia, mboni inapopanuka kufikia milimita 5 au 6, na 7 kwa kijana, ndipo mwali mwembamba unapokuwa haba. Kwa ajili hiyo wasasi wa Ujerumani hupenda darubini nene za 8x56 zenye mwali wa milimita 7, kwani wao humvizia nguruwe mwitu katika utusitusi mrefu wa kaskazini, na hata kwa mbalamwezi.

Lakini utusitusi wao si wetu. Kwetu jua likizama, nuru hudumu dakika 20 na kitu, kisha usiku umeingia. Na katika Tanzania, ambako uwindaji wa leseni ungalipo, sheria hairuhusu kuwinda gizani. Basi anayebeba darubini ndogo hupoteza kipande kifupi cha alfajiri na kipande kifupi cha magharibi, na badala yake huokoa shingo yake, maana 8x56 hupita kilo moja, ilhali 8x25 ni gramu 300 hivi. Chombo cha kilo moja hubaki garini au hukabidhiwa mchukuzi aliye nyuma, na darubini iliyo mkononi mwa mchukuzi ni sawa na iliyobaki dukani. Natoa ruhusa moja tu: atembeaye katika misitu minene kama Magamba au Udzungwa, ambamo mchana wa saa sita una kivuli cha magharibi, na aongeze gramu mia na kitu achukue ya 8x30 au 8x32, akazipata zile milimita 4 za mwali.

Juu ya tamaa ya kukuza sana, sina upole. Darubini hukuza mnyama, na hukuza vilevile mtetemo wa mkono. Aliyepanda kilima akiwa na moyo unaomdunda, akishika ya 12 au 16, ataona sikio la tandala likicheza ngoma. Isitoshe, kuanzia saa nne za asubuhi nyika huanza kutoa mazigazi, hewa ya moto ikapanda kutoka ardhini ikitikisika, na hapo kila ukuzaji unaozidi 8 hukuza hewa, haumkuzi mnyama. Ama zile darubini zenye kitasa cha kubadili ukuzaji, kutoka 10 hata 30 na zaidi, na zile zilizoandikwa namba za miujiza kwa wino wa dhahabu, na zile zenye vioo vyekundu mithili ya rubi, hizo ni mapambo ya dirisha la duka; uwanja wake ni mfinyu, sura yake ina ukungu, na kile chekundu huzirudisha nje rangi ambazo jicho lilizihitaji.

Liko jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi, nalo kwa mnunuzi wa kipato kidogo ndilo kubwa kuliko yote. Darubini za leo ni za namna mbili: zile za mpango wa Porro, ambazo mabomba yake yamevunjika bega, na zile nyembamba zilizonyooka, zenye prizimu yenye mgongo kama wa paa la nyumba. Hizi za mgongo hupendeza kwa umbo, na zikitengenezwa na mafundi wa Zeiss, Leica au Swarovski hazina mshindani. Lakini prizimu yake huugawa mwali nusu mbili, na nusu hizo hutoka zimepishana kidogo, sura ikafifia, mpaka ipakwe utando maalumu ambao Zeiss waliuleta mwaka 1988. Tena nyingi zake huhitaji uso mmoja kupakwa kama kioo cha kujitazamia, na ule mgongo sharti ukatwe kwa usahihi wa kuogofya. Kazi hiyo yote ina gharama, na fundi akilazimishwa kuuza kwa bei ya chini ataipunguza mahali mnunuzi asipopaona. Prizimu ya Porro haidai utando ule wala kioo kile. Kwa hiyo, kwa fedha ileile, tuseme dola 50 mpaka 100, ile yenye mabega aghalabu huonyesha vizuri kuliko ile nyembamba. Na iko namna yake ndogo, ambayo vioo vya mbele vimesogezwa ndani vikakaribiana kuliko macho yenyewe, inayoingia katika mfuko wa koti. Namna hiyo ndiyo niipendayo. Pentax wanayo moja, Papilio ya 6.5x21, inayoweza kumtazama kipepeo aliye nusu mita tu mbele ya magoti yako. Sijui kama wasasi wataipenda, lakini mtembezi mwenye watoto asiikose.

Chombo kikishapatikana, kazi ndiyo kwanza imeanza, na hapa ndipo ninapoona usanii wenyewe. Kwanza kitengenezwe kilingane na macho ya mwenyewe: kunja bawaba mpaka miduara miwili iwe mmoja, funika upande wa kulia ulitazame jani kwa jicho la kushoto ukizungusha gurudumu la katikati, kisha funika kushoto, na kwa jicho la kulia zungusha kioo cha jicho peke yake mpaka jani lilelile liwe kali. Wengi hawajapata kulifanya hili hata siku moja, kisha huilaumu darubini kwa kuwaumiza kichwa.

Pili, mtu aketi. Msasi mzuri hukaa chini, mgongo kwenye mti au kichuguu, viwiko juu ya magoti, ukingo wa kofia umeshikwa pamoja na darubini ili vitu viwili viwe kimoja; mtembezi wa milimani huisimamisha fimbo yake na kuegemeza ngumi juu yake. Kisha huanza karibu, kwa sababu mnyama aliye karibu ndiye atakayekimbia na kuwashtua walio mbali, halafu huigawa nchi vipande, na kila kipande hukitazama kwa kusimama, si kwa kufagia. Hamtafuti mnyama mzima, kwani mnyama mzima hujionyesha mwenyewe. Hutafuta mstari wa mlalo katikati ya miti iliyosimama, mng'ao wa pua yenye unyevu, sikio linalopunga nzi, mguu mmoja usiokuwa na majani. Baadhi hutazama kutoka kulia kwenda kushoto, kinyume cha walivyozoea kusoma, ili jicho lisiteleze kwa mazoea. Kipande kilichokwisha kaguliwa hukaguliwa tena baada ya muda, maana pale palipokuwa kivuli tandala ameinuka. Na akiona kitu kwa macho matupu, haangalii chini kuitafuta darubini. Macho hubaki palepale, mikono ndiyo inayoileta mbele yake.

Faida ya subira hiyo si nyama tu. Pofu dume na pofu jike wote wana pembe, na za jike mara nyingi ni ndefu kuliko za dume. Hutofautiana kwa unene wa pembe, kwa shingo, na kwa kishungi cha manyoya meusi katika paji la dume. Mwenye leseni ya dume asiyetofautisha hayo kwa darubini atayatofautisha kwa kisu, akiwa amekwisha chelewa. Huko Kenya, ambako uwindaji wa wanyama wakubwa ulipigwa marufuku mwaka 1977, ustadi uleule umehamia kwa watazama ndege, nao katika msitu wa Arabuko-Sokoke huketi wakitafuta jani lenye macho mawili, ambalo ni bundi.

Neno kidogo juu ya utunzaji, hasa kwa sisi wa mwambao. Adui wa darubini Tanga, Mombasa na Unguja si mchanga bali ni kuvu, inayoota ndani ya vioo kama utando wa buibui na kukila kioo kisipone tena. Mkoba wa ngozi, ulio fahari ya wengi, huuhifadhi unyevu wa bahari na kuilea kuvu hiyo. Iweke darubini rafuni penye hewa, au katika mkebe mkavu pamoja na vile vifuko vya chembe zinazonyonya unyevu, vinavyotupwa bure na wauza viatu. Vumbi lipulizwe kwanza, ndipo kioo kifutwe kwa pamba laini. Pindo la kanzu au la kanga lina mchanga usioonekana, nao huukwaruza ule utando wa Smakula tuliousifu. Na jua lisitazamwe kwa darubini hata kwa kitambo kidogo, wala mtoto asiachiwe ajaribu.

Basi, ewe mnunuzi, ukifika dukani usiulize namba tu. Omba utoke nayo mlangoni. Ishike kwa urefu wa mkono ukiielekeza mbinguni, uitazame ile miduara midogo ya nuru katika vioo vya jicho: ikiwa mviringo kamili, prizimu ni za kioo kizuri; ikiwa imekatwa pembe, fundi amebana matumizi. Tazama taa katika kioo cha mbele: ikirudi nyeupe kali, hakuna utando, ikirudi hafifu yenye zambarau au kijani, utando upo. Tazama mnara wa msikiti au mlingoti wa simu dhidi ya mawingu, uone kama una pindo la rangi, na kama unauona mmoja au miwili. Mvaa miwani aulize kama kioo cha jicho kinamruhusu kuwa mbali nacho milimita 15 au zaidi. Kisha mwombe muuzaji akutolee darubini nyingine mbili za chapa ileile na namba ileile, uzijaribu zote tatu, kwa sababu darubini za bei rahisi hazilingani hata zikitoka katika kasha moja, na iliyo bora kati ya hizo tatu haikugharimu senti zaidi.