Kukusanya au Kutafsiri? Uhakiki wa Istilahi ya Kompaila

Mtunga istilahi anayelifasiri neno kompaila kwa kitenzi "kukusanya" hakosei kihistoria. Programu ya A-0, iliyoandaliwa na Grace Hopper mwaka 1952 kwa ajili ya kompyuta kuu ya UNIVAC I, kwa hakika ilikusanya vijiprogramu vilivyohifadhiwa katika utepe wa sumaku na kuviunganisha. Udhaifu unaanzia mwaka 1957, FORTRAN ya IBM 704 ilipogeuza fomula za kihisabati kuwa amri za mashine. Hiyo ni tafsiri, tena tafsiri ngumu; mkusanyo umebaki jina tu. Kiingereza kimekwisha kulizoea pengo hilo. Kiswahili, kinachounda istilahi zake baada ya maana kubadilika, hakilazimiki kulirithi: "kitafsiri" kingetosha, ilimradi kitofautishwe na "kikalimani", kinachotekeleza amri moja moja papo hapo.