Kipilefti Mjini Kigali: Asili ya Neno na Matumizi Yake

Tangu Rwanda ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, suala la msamiati upi uingizwe katika vitabu vya kiada limeacha kuwa la kinadharia tu. Neno kipilefti linalidhihirisha vizuri. Chimbuko lake ni amri ya Kiingereza, keep left, iliyomtaka dereva ashike upande wa kushoto. Nchini Tanzania limekuwa jina la mzunguko wa barabara. Rwanda, magari hupita kulia. Je, mwanafunzi wa Kigali afundishwe jina linaloamuru kinyume cha sheria ya barabara zake?

Hoja ya kulikataa kwa msingi huo inavutia, lakini inachanganya asili ya neno na maana yake. Silabi ya kwanza, iliyokuwa sehemu ya kitenzi cha Kiingereza, ilichukuliwa na wazungumzaji kuwa kiambishi cha ngeli ya KI-VI. Ndiyo maana husemwa kipilefti hiki, vipilefti hivi. Kitenzi kilikufa hapo, na amri ikafa pamoja nacho. Madigadi nayo, kutoka mudguard, yalipata umoja wake, digadi, kwa mkondo huohuo. Dereva wa lori atokaye Dar es Salaam hubadili upande avukapo Rusumo; hana sababu ya kubadili jina la mzunguko.

Pingamizi lenye uzito liko kwingine, nalo ni sikio la msikilizaji. Mtanzania aliyekua na neno hili hasikii kushoto ndani yake. Kijana wa Kigali, aliyesomeshwa kwa Kiingereza chini ya sera iliyotangazwa mwaka 2008, hulisikia mara moja. Tena analo tayari neno rond-point la Kifaransa, kama walivyo nalo jirani zake wa Goma wanaoelekezana hadi Rond-point Chukudu. Sentensi “ingia kipilefti kwa kushika kulia” haina kosa la kisarufi, ila katika mwongozo wa udereva itamkwaza.

Kwa sababu hiyo, napendekeza mzunguko wa barabara utumike katika miongozo na alama za barabarani. Neno mzunguko likisimama peke yake halitoshi, kwani hubeba pia damu, fedha na mashindano. Kipilefti kibaki katika kamusi na vitabu vya ziada, kikielezwa kama neno la kila siku la Watanzania, bila alama ya kosa.