Picha Iliyopanga Viumbe Mstari Mmoja

Picha hii wengi wenu mmekwisha kuiona. Upande wa kushoto yupo mnyama mdogo mfano wa nyani. Mbele yake yupo mwingine aliyenyooka kidogo, na mbele ya huyo mwingine tena, hata mwisho, upande wa kuume, anatembea mtu kamili, kichwa juu. Twaiona katika vitabu vya shule, juu ya fulana za sokoni, hata katika matangazo ya biashara. Nao wazazi wa Masisi na Walikale hutuuliza: “Je, mtoto wangu anafundishwa kwamba babu yake ni ngagi?”

Swali hili lastahili jibu. Lakini kwanza tuitazame picha yenyewe, maana twaona kwamba kosa ni la picha kuliko la elimu.

Iliyo asili yake ilichorwa na Rudolph Zallinger kwa kitabu kiitwacho Early Man, kilichoandikwa na F. Clark Howell na kutolewa Marekani mwaka 1965. Ina viumbe 15. Hatumlaumu mchoraji kwa mkono wake. Mkono wake ni hodari kweli. Tena maneno ya kitabu yalikuwa na hadhari kuliko picha. Lakini nani husoma maneno penye picha nzuri namna ile? Basi picha ikatoka kitabuni, ikazunguka dunia peke yake, nayo ikanakiliwa na watu wasiojua hata majina ya viumbe wale.

Mtazame aitwaye Ramapithecus. Wataalamu wa siku zile walimdhani babu wa watu. Leo yajulikana kwamba ni wa ukoo wa orangutani, mnyama wa misitu ya Asia. Mtazame tena Paranthropus, jamaa ya lile fuvu ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai, Tanganyika, mwaka 1959. Huyu naye si babu yetu. Ni tawi lililokauka bila kuacha uzao. Na ngagi, je? Katika picha ya asili hayumo kabisa! Ni wanakili waliomtia baadaye, wakamweka mwanzo wa safari.

Jambo hili lafanana na ukoo, si mstari. Mtoto wa shangazi yako si babu yako. Nyote wawili mmetoka kwa babu mmoja, naye alikuwa mtu mwingine. Ndivyo wasemavyo wataalamu juu ya mwili wa mtu na wa sokwe-mtu: matawi yao yaliachana yapata miaka milioni 6 au 7 iliyopita, na tawi la ngagi lilikuwa limejitenga kabla ya hapo. Basi mzazi aliyeuliza ajibiwe hivi: la, ngagi si babu ya mtoto wako, wala hakuna elimu isemayo hivyo.

Labda utauliza, viumbe hubadilikaje? Mama wa Masisi apandaye maharagwe anajua nusu ya jibu. Hapandi mbegu ya namna moja. Huchanganya nyekundu, nyeupe, nyeusi na za madoa. Mvua ikizidi, nyingine huoza na nyingine huzaa, na mbegu ya mwaka ujao hutoka kwa zile zilizozaa. Sasa chukua mfuko mmoja, ugawe mara mbili. Nusu uipande juu kwenye baridi, nusu utelemke nayo Walikale, kwenye joto la msitu. Baada ya miaka kadha mifuko miwili haitafanana. Hakuna punje iliyojitahidi kuwa bora. Wala huwezi kusema kwamba mfuko wa juu umeendelea kuliko wa chini. Kila mmoja wafaa shamba lake. Ongeza jambo ambalo mfuko hauonyeshi, yaani kwamba katika kila uzazi hutokea tofauti mpya ndogo ndogo, na miaka isiyohesabika. Charles Darwin, alipotoa kitabu chake mwaka 1859, naye alianza na mambo ya wafugaji, akieleza habari za njiwa.

Ngagi wetu ni mfano ulio hai. Yule wa Walikale ni wa aina iitwayo ya Grauer, nayo haipatikani popote duniani ila mashariki ya Kongo. Jamaa zake wanakaa juu ya milima ya Virunga. Wa Virunga huvumilia baridi ya mita 3,000 na zaidi. Manyoya yake ni marefu na mazito, chakula chake ni majani na mabua. Wa Walikale ana manyoya mafupi, mwili wake ni mkubwa kuliko gorila wote, na msitu ukitoa matunda hula matunda. Yupi ametangulia katika mstari wa Zallinger? Swali lenyewe halina maana.

Tusidhani kwamba wazo la mstari halina madhara. Lilikuwapo vichwani kabla mchoraji huyu hajazaliwa. Mwaka 1906, katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, kijana wa Kongo jina lake Ota Benga, mmoja wa watu wafupi wa msituni, aliwekwa katika nyumba ya nyani pamoja na orangutani ili watu wamtazame. Wachungaji weusi wa mji ule walipinga kwa nguvu, hata akaondolewa. Mwaka 1916 alijiua huko Virginia, asipate kuiona tena nchi yake.

Twawashutumu Wazungu wale, na ni haki. Lakini ni mara ngapi tumesikia huku kwetu Wambuti wakiitwa nusu watu, na sisi tukacheka? Watu wote walio hai leo, warefu kwa wafupi, ni wa namna moja tu.

Kwa upande wa imani, Papa Pio XII katika barua Humani Generis, mwaka 1950, hakukataza uchunguzi juu ya asili ya mwili wa mtu, akishika kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Yohane Paulo II, mwaka 1996, alikiri kwamba elimu hii imekuwa zaidi ya dhana. Mzazi Mkristu asishtuke basi aonapo somo hili daftarini. Aulize tu limefundishwa kwa picha gani.

Sisi tungependa mchoraji wa huku atuchoree nyingine. Achore mti wenye matawi mengi, mengine yamekauka, na kila kiumbe aketi mwisho wa tawi lake. Kwenye tawi la ngagi wa Grauer aandike hesabu mbili, maana wachimba madini wa misituni nao wanataka nyama: karibu na mwaka 1995 walikisiwa kuwa 16,900, mwaka 2021, 6,800.