Mchango na Sahihi: Uhakiki wa Hati za Wachangiaji wa Programu Huria

Toleo la Kiswahili la OpenOffice.org, lililotokana na mradi wa Kilinux uliokishirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutolewa mwaka 2004, ni rahisi kulihakiki kama ghala la istilahi. Hata hivyo, nyuma ya programu ile kuna matini nyingine inayostahili jicho la mhakiki, nayo ni hati ambayo mradi mama uliwataka wachangiaji waitie sahihi kabla kazi yao haijapokewa.

Hati hiyo ilimfanya mchangiaji na kampuni ya Sun Microsystems kuwa wamiliki wa pamoja wa hakimiliki. Kwa mtazamo wa juujuu huo ni usawa. Lakini mchangiaji alimiliki kipande chake tu, ilhali kampuni ilikusanya vipande vya wote. Ndiyo maana iliweza kuuza StarOffice kwa masharti yake yenyewe. Mwaka 2010 Oracle iliinunua Sun, na haki zile zikaangukia mikononi mwa mmiliki ambaye wachangiaji hawakumchagua. Septemba mwaka huohuo baadhi yao walijitenga na kuanzisha LibreOffice, ambamo kila mtu hubaki na hakimiliki yake na kutaja tu leseni anayoitolea kazi.

Neno "mchango" lenyewe linafichua kasoro iliyopo. Mchango wa arusi au wa msiba una kusudi linalojulikana, na anayeupokea hana idhini ya kuugeuza mtaji wake. Pamoja na hayo, si haki kuilaumu sahihi. Free Software Foundation nayo huomba hakimiliki ya baadhi ya programu za GNU ili iweze kuzitetea mahakamani, ila hati yake huahidi kwamba kazi itabaki huria. Kwa hiyo kasoro haimo katika kutia sahihi, bali katika mpokeaji kutofungwa na ahadi yoyote.

Suala hili linawagusa pia wasomi wa Vulamba. Mjini Butembo, penye Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichoanzishwa mwaka 1989, na hata Beni, Kinande, Kiswahili na Kifaransa huishi pamoja. Mfasiri wa huko akialikwa kuchangia, aghalabu huletewa hati ya Kiingereza iliyojengwa juu ya sheria ya Marekani. Yeye anaishi chini ya sheria ya Kongo ya mwaka 1986 kuhusu haki za watunzi, iliyotoka katika mapokeo ya Kifaransa, ambamo haki ya mtunzi kutambuliwa kwa kazi yake haiuziki. Hivyo anaombwa Kiswahili chake kwa karatasi isiyosema Kiswahili.

Idara zinazofundisha tafsiri hazina budi kuziingiza hati hizi miongoni mwa matini za mazoezi. Mfasiri anayejua istilahi ya kila kitufe lakini hajui alichokitoa kwa sahihi yake, ameisoma nusu tu ya kazi aliyoifanya.