Weber juu ya Land Rover ya Zamani: Namna ya Kutambua Kazi Safi

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ndivyo inavyokuwa kwa wengi wanaobadili kabureta ya Land Rover Series III. Siku za mwanzo furaha tupu: gari linawaka mara moja na linashika sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga pedali) bila kutetemeka. Baada ya muda linaanza kunywa mafuta, linamisi mlimani na kuzima kwenye foleni, na lawama zote zinarudi kwa kabureta. Lawama hizo mara nyingi zinapelekwa nyumba siyo. Kabureta nzuri iliyofungwa ovyo inashindwa na ya kawaida iliyofungwa kwa makini. Anayetaka kutambua kazi bora asibabaishwe na boksi. Atazame pale kabureta inapokutana na injini, na hewa, na pedali ya mafuta.

Ihukumu kwanza ile ya zamani

Injini ya petroli ya Land Rover ya cc 2,286 ilianza na kabureta ya Solex, na kuanzia 1967 hivi ikapewa Zenith 36 IV. Maradhi ya Zenith yanajulikana. Nyuso mbili zinazokutana kati ya kifuniko na mwili hupinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, na oringi ndogo ya ndani huchoka. Petroli inapata njia isiyo yake, sailensa inakuwa nzito, na skrubu ya mchanganyiko ukiizungusha hakuna kinachobadilika.

Fundi hodari hasemi "tupa" kabla ya kufungua. Anaweka rula ya chuma juu ya uso ule, anauinua usawa wa macho na kuutazama dhidi ya mwanga. Mwanga ukipenya chini ya rula, anaweka msasa laini juu ya kioo, anausugua uso taratibu mpaka unyooke, anabadili oringi na kurudisha. Kabureta nyingi zimepona hivyo. Atakagua pia plagi, pointi, taimingi, tapeti na kompresheni, maana kabureta mpya haiponyi valvu inayovuja.

Sababu halali ya kubadili ni shafti ya kipepeo iliyolegea kiasi cha kuvuta hewa pembeni, au mwili uliopasuka. Hapo ndipo kabureta ya Weber 34 ICH inapopata nafasi yake.

Ishike mkononi

Edoardo Weber alianzisha kampuni yake ya kabureta Bologna, Italia, mwaka 1923. Weber halisi za miaka ya karibuni zinatoka Hispania, na sokoni zimejaa kopi zenye umbo lile lile. Usiishie kusoma maandishi ya ubavuni. Shika shafti ya kipepeo uitikise juu na chini. Isiwe na mchezo. Funga kipepeo kabisa na uielekeze kabureta kwenye mwanga. Mwanga ukionekana, uwe uzi mwembamba ulio sawa pande zote, si upenyo wa upande mmoja. Fungua jeti uzisome. Jeti ya Weber hupimwa kwa sehemu ya mia ya milimita: iliyoandikwa 140 ina tundu la milimita 1.40. Jeti isiyo na namba, au yenye tundu lililochanika ukingoni, haitakupa msingi wowote wa kutyuni. Mwisho fungua kifuniko uchungulie bakuli la mafuta. Ukikuta vumbi la chuma, kiwandani hawakuisafisha, na vumbi hilo litaziba jeti ya sailensa kabla ya kitu kingine.

Ujue pia unachonunua. Namba 34 na 36 ni kipenyo cha koo la kabureta kwa milimita. Weber hii ina koo jembamba kuliko Zenith, kwa hiyo tarajia matumizi nafuu ya mafuta na utulivu, si mbio. Muuzaji anayekuahidi nguvu za ziada hakutendei haki.

Kikague kilichofungwa

Weber haikai juu ya manifoldi ya Land Rover bila kipande cha kuunganishia. Kipande hicho kiwe kimenyooka, gasketi iwe mpya, na nati zikazwe kwa zamu na kwa kiasi. Gundi ya silikoni iliyomwagika pembeni ni dalili kwamba nyuso hazikukutana. Washa injini ingali ya baridi, kisha pulizia ukungu mwembamba wa maji kuzunguka maungio. Mlio ukibadilika, hewa inaingia pale. Kamwe usifanye jaribio hili kwa petroli, kwani manifoldi ya ekzosi iko chini yake hapo hapo.

Zima injini, mwombe mtu akanyage pedali mpaka chini, nawe chungulia kooni. Kipepeo kisimame wima kabisa. Series III hutumia vyuma vya kuunganisha pedali na kabureta, na pembe ikikosewa kidogo tu kipepeo hakifunguki chote. Akiachia pedali, kirudi chenyewe bila kusita.

Kisha fuata njia ya hewa. Mpira unaotoka kwenye chujio la oili uishike kabureta sawasawa, bila mwanya. Kwa barabara zetu za vumbi sikubali chujio kidogo cha wavu kinachokaa juu ya kabureta peke yake, hata kikimetameta vipi. Vumbi linaloingia hapo linasaga ringi na silinda. Hakikisha pia kibomba cha vakyumu kinachokwenda kwenye distributa kimerudishwa. Kikiachwa wazi injini inavuta hewa. Kikizibwa, gari linakula mafuta bila sababu.

Liendeshe, kisha lisome

Endesha kilomita kadhaa zenye mlima, zima, fungua plagi. Kahawia ya udongo mkavu ndiyo rangi ya afya. Masizi meusi yanasema mafuta yamezidi. Weupe wa chokaa unasema hewa imezidi, na huo ndio hatari kwa valvu.

Usisahau mwinuko. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari na Nairobi takriban mita 1,700. Huko hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa, lakini jeti inaendelea kutoa mafuta yale yale. Kabureta iliyotyuniwa pwani itatoa moshi mweusi bara. Gari litengenezewe mahali linapoishi.

Jaribio la mwisho ni joto. Rudi safarini, zima gari kwa robo saa juani, kisha uliwashe. Likikataa, angalia kama kipande cha kuzuia joto kati ya kabureta na manifoldi kimewekwa. Kama pampu ya umeme imefungwa, pima presha yake pia. Weber inataka psi 2 hadi 3 tu. Ikizidi, sindano inashindwa kuzuia na bakuli linafurika.

Mlipe fundi baada ya majaribio haya, si pale mlio wa kwanza ulipokupendeza. Na akikufanyia kazi iliyoyapita yote, usimwombe punguzo.