Upanga Una Kete Nyingi, Ulimi Una Moja

Kama hujawahi kucheza Dungeons & Dragons, picha yake ni hii: watu wanne au watano wamezunguka meza, kila mmoja anaigiza mhusika wake, na msimamizi anasimulia dunia yote iliyobaki. Jambo likiwa na shaka, unarusha kete ya pande 20, unajumlisha nyongeza ya mhusika wako, na ukifikia namba iliyowekwa, umefaulu.

Toleo la tano, la mwaka 2014, linasema mchezo umesimama juu ya nguzo tatu: uchunguzi wa mazingira, maingiliano ya watu na mapigano. Maneno mazuri. Ila ukipiga hesabu, nguzo ya mapigano ni ya zege, na ya mazungumzo ni ya mabua.

Anza na mapigano. Wachezaji wanne, duru nne, kila mmoja shambulio moja kwa duru: tayari kete imerushwa mara 16, bado hujahesabu za adui. Moja ikikuangusha, zipo nyingine za kukuinua. Majaribio yakiwa mengi, bahati nzuri na mbaya hufidiana, na kwa kawaida aliyejipanga ndiye anayeshinda.

Sasa njoo kwenye mazungumzo. Mnamshawishi mlinzi awafungulie lango. Mmebishana naye dakika kumi, halafu msimamizi anasema: haya, rusha. Mara moja tu! Ugumu wa kati kitabuni ni 15. Mwenye nyongeza ya 8 anahitaji kete ioneshe 7 au zaidi, yaani nafasi ya 70%. Asiye na nyongeza anahitaji 15 au zaidi, yaani 30%. Kwa hiyo bingwa wa maneno anafeli mara tatu katika kumi, na asiyejua hata kusalimia anafaulu mara tatu katika kumi. Hiyo ni bahati nasibu, bana.

Hebu tubadili kanuni moja: mtu afaulu mara tatu kabla ya kufeli mara tatu. Bingwa anapanda hadi takriban 84%, mwenzake anashuka hadi 16%. Namba zao hatujazigusa, tumeongeza majaribio tu.

Wazo hili si geni. Toleo la nne, la mwaka 2008, lilikuwa na kanuni ya namna hiyo. Udhaifu wake ni kwamba ni rahisi meza nzima kugeuka ya kurusha kete bila mtu kusema neno la maana. Dawa ni kudai hoja kabla ya kila kete, na hoja nzuri ipunguze ugumu.

Wapo watakaokuambia mazungumzo hayahitaji kanuni, watu waigize tu. Hapo ndipo nisipokubaliana nao kabisa. Hakuna anayemwambia mchezaji asimame aoneshe anavyorusha upanga, kanuni zinampigania. Lakini mwenye aibu, aliyechagua kuwa mwanadiplomasia, anatakiwa awe na ulimi wake mwenyewe. Kwenye mapigano kila mtu ana zamu. Kwenye maongezi, mwenye sauti kubwa anazichukua zote, na yule wa pembeni anabaki mtazamaji.

Halafu kuna malipo. Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo huu mwaka 1974, wakitokea kwenye michezo ya vita ya vinyago, sehemu kubwa ya alama za uzoefu ilitokana na hazina uliyorudi nayo. Kulikwepa zimwi lililolala ilikuwa akili. Mwaka 2014, goblini mmoja aliyeshindwa ana alama 50, na 300 zinakupandisha ngazi ya pili. Je, kumtuliza mlinzi kuna alama ngapi? Kitabu kinaruhusu kulipia changamoto zisizo za vita, ila kinamwachia msimamizi akadirie. Unafikiri wachezaji watakimbilia wapi?

Mimi siombi vita vipunguzwe, vinanoga. Ninachodai ni kipimo kilekile kwa nguzo zote. Ukiongoza mchezo, andika alama za lango lile kabla hamjaanza, gawa mazungumzo katika hatua tatu, na mpe kila mtu zamu ya kusema. Anza na yule aliyekaa kimya.